Brauni si keki

Ukiwa umezoea kuoka keki, brauni itakusumbua kuliko mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Mikono inajua kazi yake: saga majarini na sukari mpaka iwe nyeupe, tia yai mojamoja, chekecha unga na bekingi pauda, oka, choma kijiti, kikitoka kikavu epua. Ndivyo tulivyofundishwa majumbani, na ndivyo keki za kipaimara na za ubatizo zinavyotoka mpaka leo. Sasa ipeleke mikono hiyo hiyo kwenye brauni. Utapata keki ya kakao iliyokauka, iliyokatwa vipande vya mraba. Watu wataila, maana ina sukari, lakini brauni haijawahi kuwa hivyo.

Keki inasimama kwa hewa. Ule usagaji wote wa siagi na sukari ni wa kuingiza hewa, bekingi pauda ni ya kuongeza hewa, na unga upo mwingi ili hewa hiyo ipate kuta za kukaa ndani yake. Brauni haina haja na hayo. Ni mafuta, sukari na kakao, na unga kidogo wa kuvishikilia visitawanyike. Vipimo ninavyotumia, kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, ni siagi gramu 150, sukari gramu 250, kakao ya unga gramu 75, mayai mawili makubwa (ya kienyeji ni madogo, hayo weka matatu), unga wa ngano gramu 70, chumvi robo kijiko cha chai na vanila kijiko kimoja cha chai. Mtu wa keki akisoma hapo atadhani kuna tarakimu imeruka kwenye unga. Haijaruka. Na bekingi pauda haimo, wala magadi soda.

Mimi niko Mbeya, na hilo lina uzito wake. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama Dar es Salaam. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda inatanuka kwa fujo: keki inapanda haraka kabla kuta zake hazijashika, halafu inabonyea katikati. Waoka keki wa huku wote wanalijua hilo bonde. Wanapunguza bekingi pauda, wanapunguza sukari kidogo, wanaongeza moto, kila mmoja na siri yake, na ukimuuliza atakutajia nusu. Brauni ilinipendeza kwanza kwa sababu hiyo tu. Kitu kisichopanda hakina pa kuangukia.

Ila mwinuko haukuachi hivihivi. Maji yanakauka haraka zaidi huku, na brauni ikikosa unyevu imekwisha. Ninaongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji kwenye rojo, wakati mwingine cha kahawa nyeusi iliyopoa, na ninaitoa mapema kidogo kuliko ambavyo ningeitoa pwani. Kahawa haisikiki kama kahawa. Inaifanya kakao iseme kwa sauti zaidi, basi.

Nunueni mizani. Najua kikombe kipo na kijiko kipo, na bibi zetu walipima kwa macho wakafanikiwa. Lakini bibi alikuwa anapima unga wa mandazi, ambako gramu 30 zikizidi unaongeza maji na maisha yanaendelea. Kwenye gramu 70 za unga, gramu 30 ni karibu nusu ya unga wote. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa vinatofautiana vya kutosha kukuhamisha kutoka brauni hadi keki bila wewe kujua umehamaje. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inatosha, haihitaji kuwa ya bei.

Tuje kwenye sukari, maana hapa ndipo penye uzuri wa brauni kwa macho. Ile ngozi nyembamba ya juu, inayong'aa na kupasukapasuka ukiigusa kwa kisu, watu wengi wanadhani inatokana na chokoleti ya gharama. Inatokana na sukari iliyoyeyuka vizuri ndani ya mayai, ikapanda juu wakati wa kuoka na kukauka. Sukari isipoyeyuka, ngozi haitokei. Juu panabaki pamefifia, hata kama ndani ni patamu. Na sukari yetu ya dukani ni ya chembe kubwa. Ukiichanganya na mayai ya baridi tu, utasikia chembe zinakwaruza chini ya bakuli mpaka mkono uchoke.

Njia yangu ni ya moto. Naweka siagi, sukari, kakao na chumvi kwenye bakuli la chuma, nalikalisha juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji. Nakoroga mpaka siagi iyeyuke yote na mchanganyiko uwe wa moto kiasi kwamba ukigusa kwa kidole unatoa haraka. Hapo unaonekana wa chengachenga, mafuta yamejitenga pembeni, na mtu akipita jikoni atakuhurumia. Usiutupe. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu, tia vanila, kisha yai la kwanza, piga kwa nguvu, yai la pili, piga tena. Kati ya yai la kwanza na la pili rojo linabadilika mbele ya macho yako: zile chenga zinakunjana, mafuta yanarudi ndani, na ghafla una kitu kizito, laini, kinachong'aa, kinachoshuka kutoka kwenye mwiko kama utepe. Ukiukosa mng'ao huo kwenye bakuli, usiutegemee kwenye trei. Mayai yasitoke moja kwa moja kwenye friji. Mbeya mwezi wa saba huhitaji friji, meza yenyewe ni friji, kwa hiyo nayaloweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu.

Unga unaingia mwisho. Hapa kuna ubishi. Wengi wanasema koroga kidogo tu, unga ukipotea acha. Mimi napiga kwa mwiko kama dakika moja nzima, kwa sababu unga ni kidogo na mafuta ni mengi, hauwezi kukakamaa kama wa keki, na ule utafunaji mzito wa brauni unatoka hapo. Anayependa brauni laini sana aache mapema. Si kosa, ni ulimi tu.

Siagi nayo ina maneno yake, kwa sababu nyumbani kwetu majarini inaitwa siagi na siagi yenyewe haina jina. Siagi ya maziwa ina mafuta kama asilimia 80, iliyobaki karibu yote ni maji. Majarini ya kupaka mkate mara nyingi ina mafuta machache zaidi na maji mengi zaidi, na maji hayo yanafanya brauni iwe na ulaini wa mkate, siyo wa chokoleti. Nimewaokea watu za majarini na hawakulalamika. Ila kakao hupendana na mafuta ya maziwa, na kwa kuwa hakuna krimu ya kufunika chochote, kila kitu kinaonekana. Ukilazimika kuchagua mahali pa kutumia pesa, tumia kwenye siagi kabla ya kuhangaika na chokoleti za nje.

Kuhusu chokoleti hizo: kuna brauni zinazotengenezwa kwa chokoleti ya kuyeyusha badala ya kakao ya unga, na ni nzuri sana. Lakini geuza paketi usome. Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, inayoyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana inayeyuka mdomoni. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya kupamba keki zimewekwa mafuta ya mawese au ya mimea mingine mahali pa siagi ya kakao, ili zikae vizuri kwenye joto. Kwa mapambo zinafaa. Ndani ya brauni zinaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa la juu ambao chai ya moto ndiyo inautoa. Kati ya hiyo na kakao nzuri ya unga, chukua kakao.

Na kakao ya unga si chokoleti ya kunywa. Haya makopo ya kutilia maziwa ya watoto yana sukari zaidi ya kakao. Unayotaka ni ile ambayo kwenye orodha ya viungo limeandikwa neno moja tu. Hapo utakutana na aina mbili. Ya asili ni ya rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, ina uchachu mkali. Nyingine imetiwa alkali ili kuua uchachu huo. Ni nyeusi zaidi, laini zaidi mdomoni, na mara nyingi kwenye kopo imeandikwa kwamba ina alkali. Chanzo cha unga huu wote ni Uholanzi, familia ya Van Houten, waliopata hati miliki ya mashinikizo ya kukamua mafuta kutoka kwenye kakao mwaka 1828, kisha wakatumia alkali ili unga uchanganyike vizuri na maji. Kwenye keki yenye magadi soda aina hizi mbili hazibadilishani kirahisi, kwa sababu magadi yanahitaji uchachu. Kwenye brauni isiyo na magadi zinabadilishana bila shida. Mimi natumia ya asili, kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi analima kakao Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Tangu mdogo nimeijua kakao kama zao, kitu kinachoanikwa, kinachopimwa, kinacholipa ada. Watoto wa kule wanaijua kwa ule ute mweupe unaofunika mbegu ndani ya tunda: unafyonza ute, mtamu wenye uchachu kidogo, unatema mbegu. Mbegu mbichi ukiitafuna ni chungu na inakausha mdomo. Hakuna hata dalili ya chokoleti ndani yake. Chokoleti inaanzia kwenye kuvundika. Mbegu na ute wake zinajazwa kwenye kasha la mbao, zinafunikwa kwa majani ya migomba, na zinaachwa karibu wiki moja zikigeuzwageuzwa. Ute unachachuka na kuchuruzika, ndani ya kasha panapanda joto mpaka karibu nyuzi 50, mbegu inakufa, na rangi ya zambarau ya ndani inaanza kugeuka hudhurungi. Kisha ni kwenye vichanja, juani, siku kadhaa, kugeuza kila mara na kukimbizana na mvua, na Kyela ni wilaya ya mvua kwelikweli. Shangazi anaminya mbegu kiganjani na kusikiliza. Zikikauka sawasawa zinatoa mlio wa kukatika.

Alipokuja Mbeya kwa matibabu ya macho akakaa kwangu, jambo la kwanza alilofanya jikoni ni kufungua makopo yangu mawili ya kakao na kunusa. Ile iliyotiwa alkali aliirudisha mezani, akasema, "Hii imeoshwa." Ya asili aliinusa mara mbili. "Hii walau inanuka kasha." Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu Uholanzi wala alkali.

Siku hiyo hiyo nikaoka, trei mbili ndogo. Nilipozitoa alikuja akiwa na kijiti cha meno mkononi, akachoma katikati, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na chenga nyevu zimeng'ang'ania ncha.

"Haijaiva hii. Rudisha."

"Imeiva, shangazi. Ikipoa itashika."

"Mwanangu, mimi nimeoka keki za harusi kwenye makaa wewe hujazaliwa. Keki mbichi naijua."

Kwa shangazi wa kwetu hapo mjadala umefungwa. Nikasema sawa, shangazi, nikarudisha trei moja kwa dakika kumi zaidi, kijiti kikatoka kikavu, akaridhika. Nyingine nikaiacha mezani kana kwamba nimeisahau. Asubuhi nikaweka vipande vya trei zote mbili kwenye sahani moja pamoja na chai. Iliyorudishwa ilikuwa imekakamaa pembeni na kumeguka unga. Ya pili ilikatika na kubaki na alama ya jino. Alikula kimoja cha kwanza, akala kimoja cha pili, kisha akaendelea na vya trei ya pili bila kutoa hukumu yoyote. Alipoondoka aliuliza kama hivyo "vibichi" vinaweza kufika Kyela bila kuharibika.

Alikuwa na sababu ya kudhani ni mbichi. Siagi na sukari zikiwa za moto ni laini, kwa hiyo brauni iliyoiva kabisa inaonekana haijashika. Kuna na joto lililobaki ndani ya trei linaloendelea kuipika baada ya kuitoa. Unachotafuta ni pembeni pameshika na kuanza kuachana na trei kidogo, katikati pakitikisika kidogo sana ukisukuma, na kijiti kitoke na chenga zilizolowa. Kikitoka na uji, bado. Kikitoka kikavu, umechelewa na hakuna la kufanya, labda uzivunjevunje juu ya aiskrimu. Kwenye oveni yangu, nyuzi 170, ni dakika 22 hadi 25. Yako haitakuwa sawa na yangu.

Nasema hivyo kwa sababu oveni ndogo za mezani zina ukaidi wao. Kitufe kinasema 180, ndani ni 200, au ni 160, na nyaya za juu ziko karibu na chakula kiasi kwamba ngozi inaungua kabla katikati hapajapata habari. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni ni cha bei ndogo na kinamaliza ubishi. Trei nayo: ya chuma cheusi inaiva pembeni haraka, ya kioo inachelewa kupata moto na inachelewa kuuachia, kwa hiyo brauni inaendelea kuiva mezani. Na ukubwa wa trei usibadilishe ovyo. Ya sentimita 25 kwa 25 ina eneo mara moja na nusu ya ile ya 20, rojo linakuwa jembamba, na dakika zangu hazina maana tena.

Makaa yanaweza. Shangazi ndiye fundi wa hili, siyo mimi. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, inapashwa moto kwanza, trei inakaa juu ya mchanga, mfuniko, kisha unapalia makaa juu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Kwa keki kanuni ni hiyo hiyo, ila kwenye brauni ina ukali zaidi, maana kakao ikiungua chini inakuwa chungu na uchungu huo unapanda trei nzima. Keki ya vanila unaweza kukwangua chini ukaendelea. Mkoa wetu umeme ukikatika katikati ya kuoka, keki inakufa. Brauni haifi. Ifungie ndani ya oveni bila kufungua mlango, joto lililomo litafanya sehemu kubwa ya kazi, na ukipatikana tena unamalizia dakika zilizobaki. Ni faida nyingine ya kitu kisichopanda.

Usikate ya moto. Hili nalisema kwa wateja, kwa majirani, kwa watoto wanaosimama mlangoni. Ya moto inararuka na kushika kisu, halafu unalaumu kipimo. Iache ipoe kabisa, kama una friji iweke saa moja, kisha kata kwa kisu kirefu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila baada ya mkato. Ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza, kakao inakuwa imetulia.

Kuhusu kusafiri, nilijibu swali la shangazi kwa vitendo. Watu wa Chicago wanasimulia kwamba brauni ilizaliwa kwenye hoteli ya Palmer House, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893, pale Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, alipotaka kitu kitamu kidogo kuliko kipande cha keki, ambacho wanawake wangeweza kula kutoka kwenye kisanduku cha chakula. Ukitazama umbo lake unaamini: haina krimu, haina tabaka, inashikwa kwa mkono. Nilizipanga kwenye kopo la plastiki, karatasi ya kuokea katikati ya kila safu, nikapanda kosta. Kutoka Uyole, hapa Mbeya, unapita Tukuyu kwenye chai na migomba na mvua, kisha unateremka, na kila kona joto linaongezeka, maana Ziwa Nyasa lenyewe liko chini ya mita 500. Keki yenye krimu ingefika ikiwa supu. Brauni zilifika zimelainika, pembe zimebonyea kidogo, basi.

Shangazi aligawia majirani, wote wakulima. Nakumbuka mzee mmoja aligeuzageuza kipande chake muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo wanafanya hivi?" Kakao yao inauzwa kwa mnada kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa stakabadhi ghalani, inapakiwa kwenye magunia, inaondoka. Bei wanaifuatilia kuliko mtu yeyote. Mwaka 2024, mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire yalipokuwa mabaya, bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kopo langu la kakao dukani lilipanda mpaka nikaanza kupima kwa kijiko cha kukwangua. Shangazi mwaka huo alimaliza kuezeka. Nilipomlalamikia kwa simu alicheka sana, akasema nimefika mjini nimesahau upande wangu.

Ndipo aliponipa mfuko wa mbegu zake mwenyewe, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya kwenye makopo yote. Mbegu kavu unazikaanga kwenye kikaango kama karanga, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka ziache kutoa harufu ya siki na zianze kutoa harufu ya kitu unachokijua. Maganda yanapasuka. Unazipukuta, unazipepeta kwenye ungo upeponi, maganda yanaruka. Kisha unasaga. Kwenye kinu au blenda, mwanzoni unapata unga, halafu unga unaanza kulowa wenyewe bila kutiwa kitu, na mwisho una uji mzito unaong'aa. Hayo ni mafuta yake, maana karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Ndiyo maana huwezi kupata kakao ya unga nyumbani. Van Houten alihitaji mashinikizo.

Uji huo hauingii kwenye kipimo changu moja kwa moja. Piga hesabu. Gramu 75 za kakao ya dukani yenye mafuta ya asilimia 20 zina gramu 60 za kakao kavu na gramu 15 za mafuta. Ili upate gramu 60 hizo kutoka kwenye uji wa nyumbani unahitaji gramu 120, ambazo zinakuja na gramu 60 za mafuta. Umeongeza mafuta gramu 45. Siagi ina maji ndani yake, kwa hiyo unapunguza kama gramu 55: siagi inashuka kutoka 150 hadi 95. Mengine hayabadiliki. Nilipoziweka siagi zote 150 kwa makusudi, nione itakuwaje, brauni iliogelea ndani ya trei.

Haitoki laini kama ya dukani. Kinu hakisagi mpaka ulimi usisikie, kwa hiyo kuna uchengachenga, na uchachu unakuwa mkali, wa matunda, wa kasha. Baadhi ya wateja wangu wa Mbeya hawaipendi na siwalazimishi. Shangazi anaipenda kuliko zote ila sukari inamshinda. Anakunywa chai kavu siku zote. Nilimweleza kwamba sukari si utamu tu, ndiyo inayoshika unyevu na ndiyo inayoleta ile ngozi ya juu, kwa hiyo kuna mahali haishuki. Tulishuka mpaka gramu 200. Chini ya hapo inaanza kuwa mkate. Basi trei za Kyela naoka kwa 200 na za Mbeya kwa 250. Za Kyela hazing'ai sana juu, na kule hakuna aliyewahi kuulizia mng'ao.